Mafiga ya Bibi, Wiki Watu Walipofika Mwezini

Ilianza Jumatatu ya mwezi wa saba, saa moja na dakika kumi asubuhi. Dakika nazijua kwa sababu baba alikuwa na saa ya mkononi, na kila taarifa ya habari ilipoanza aliitazama kana kwamba ni yeye mwenye kumkagua msomaji asichelewe. Mimi nilikuwa nimechuchumaa uani nakoroga uji. Redio ikasema watu wawili wa Marekani wameteremka mwezini, na kwamba saa ile ile tunaposikiliza walikuwa wanatembea huko, na bendera wamekwisha kuisimika.

Baba akaongeza sauti. "Andika hiyo," akaniambia. "Yote. Usiache kitu."

Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo kutoka shule ya sekondari Korogwe, na nyumbani kwetu mwandiko uliosomeka ulikuwa wangu. Baba alikuwa katibu wa kijiji kipya cha ujamaa ambacho kilikuwa hakina nyumba hata moja. Kilikuwa vigingi tu mbugani, ng'ambo ya kijiji cha Kang'ata, pamoja na ramani aliyoikunja akaitia mfuko wa shati. Kaya kumi na mbili za kitongoji chetu zilikuwa zihamie Ijumaa kwa lori la wilaya. Basi daftari langu lilikuwa na kazi mbili. Ukilifungua mbele unakuta habari za mwezini, za kubandika kwenye ubao wa matangazo. Ukiligeuza nyuma unakuta orodha ya kuhama.

Tatizo lilikuwa bibi, mama yake baba. Bibi alisema hahami. Hakugomba wala hakulia. Alisema tu, kama mtu anayekataa kuongezwa chai.

"Nyinyi nendeni. Mkifika salimuni."

Jumatatu ile ile, baada ya uji, baba aliniita nyuma ya nyumba. Aliongea akitazama miguu yake, na baba si mtu wa kutazama miguu. Alisema bibi hawezi kuachwa peke yake kilimani. Mama ana mtoto mchanga. Kaka zangu wawili wako Korogwe wanakata mkonge. "Bibi yako akibaki, itabidi wewe ukae naye. Shule tutaona mwakani."

Nilisema, "Ndiyo, baba." Ndivyo nilivyokuwa. Hata shuleni mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake nalijua, niliinamisha kichwa nikajifanya nakwangua wino kwenye kidole. Lakini mwakani kwa msichana nilikuwa najua maana yake. Nilikuwa na wenzangu wawili wa darasa la saba walioambiwa mwakani, na sasa walikuwa wanabeba watoto mgongoni.

Kwa hiyo nikawa na kazi ya tatu, ambayo haikuwa kwenye daftari. Nimfanye bibi apande lile lori.

Jumanne alasiri wanawake wa kitongoji walikaa kwetu kupukuchua mahindi ya kubeba. Bibi alikuwa katikati yao. Mimi nilikaa pembeni, kanga nimeishika mdomoni.

"Mke mwenzangu," bibi akaniita. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita mbele za watu, kwa utani wa bibi na mjukuu, ati sote wawili tuliolewa na marehemu babu. "Huko mwezini kwa hao watu wako, kuna maji?"

"Hakuna, bibi. Wamebeba."

"Kuni?"

"Hakuna. Hata hewa wamebeba. Migongoni."

Mama jirani mmoja aliacha gunzi lake. "Hewa? Imetiwa kwenye nini, debe?"

"Kama mitungi," nikasema. "Na nguo zao hazina pa kupitisha hata upepo. Zikitoboka wanakufa."

"Sasa mtu akitaka kwenda haja?"

Wote wakaangua kicheko na mimi nikatamani ardhi inimeze. Bibi hakucheka. Alikuwa anafikiri, punje za mahindi zinamdondoka mkononi polepole.

"Wako wangapi?"

"Watatu. Wawili wameshuka, mmoja amebaki juu kwenye chombo anawazungukia."

"Wanawake?"

"Hakuna."

"Basi hao hawajahamia," akasema, akarudi kwenye gunzi lake. "Hao wamekwenda kuchungulia. Mji gani wa wanaume wawili na bendera? Nani aliyewagawia kiwanja?"

Hilo la kiwanja nilikuwa sijui. Nikasema mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba mataifa yamekubaliana mwezi usiwe wa mtu mmoja.

"Kama wamekubaliana, bendera ya nini?"

"Labda kumbukumbu tu, bibi."

"Hm. Mtu akisimika kumbukumbu kwenye shamba langu, namwita balozi wa nyumba kumi."

Wanawake walicheka tena, lakini mimi nilikuwa nimeshika neno moja. Kuchungulia. Usiku ule nililala nalo, na alfajiri tulipokuwa tunashuka kijitoni kuchota maji nikamwambia bibi, kwa sauti ambayo ilibidi aniambie nirudie, "Bibi, na wewe si uende tu kuchungulia? Wale wa mwezini wanarudi. Na wewe pakikushinda unarudi. Lori litakuwa linakuja na kwenda siku mbili."

Alisimama na ndoo kichwani. Mwenye ndoo kichwani hageuki ovyo, kwa hiyo aliniuliza huku anatazama mbele. "Na nikirudi, nani atakaa na mimi?"

"Mimi."

"Utaacha shule?"

"Baba amesema hivyo."

Akaendelea kutembea mpaka nyumbani. Alipotua ndoo akasema, "Nitakwenda kuchungulia. Usimwambie baba yako kwamba nimekubali. Mwambie nimesema nitaona."

Nilifurahi mno. Furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nivimbe kichwa, na kichwa kilichovimba ndicho kilichoandika orodha.

Dereva alikuwa ametuma habari kwamba lori lina safari mbili tu na kila kaya ina nafasi ya kitanda kimoja na magunia matatu, basi. Baba aliniambia nipange nini kiende na nini kibaki, mwenyekiti wa kijiji atakuja kuisoma orodha. Sasa, mwalimu wetu wa fizikia alitueleza kwamba kazi ngumu ya roketi si kufika, ni kuondoka. Ukiongeza kijiko kimoja unaongeza mafuta ya kukinyanyua kijiko, halafu mafuta ya kuyanyanyua yale mafuta. Ndiyo maana wanapima hadi kalamu. Nikaona na mimi nifanye hivyo hivyo. Nilikaa chini ya ukuta wa jiko Jumatano nzima nikijiona mtu mkubwa. Mbegu: ndiyo. Jembe: ndiyo. Kinu: kimoja kwa kaya mbili. Mlango: ndiyo, kwa sababu mbao ni ghali. Kuku: wafungwe miguu. Nikafika kwenye mafiga.

Kaya kumi na mbili, mafiga matatu kila jiko, na yale ya kwetu kila moja lilikuwa zito kama mtoto wa miaka miwili. Nikaandika: Mawe: hapana. Yapo kila mahali.

Kilimani kwetu yalikuwapo kila mahali kweli. Ulikuwa huwezi kuchimba shimo la choo bila kulaani mawe. Sikuwaza hata dakika moja kwamba kunaweza kuwa na mahali duniani pasipo na jiwe.

Jioni ile redio ikasema wale watu wako njiani kurudi, na katika mizigo yao wamebeba mawe ya mwezini. Nikaandika hilo upande wa mbele wa daftari, kwa mwandiko mzuri. Upande wa nyuma sikuugeuza.

Ijumaa lori lilifika kabla jua halijachomoza vizuri. Bibi alitoka na mafiga yake matatu, ameyafunga kwenye gunia, anayaburuza. Mafiga yale alipewa na mama mkwe wake siku alipoingia kwenye nyumba ile akiwa mwali. Yalikuwa meusi, yanang'aa kwa masizi na mafuta ya miaka yote. Mwenyekiti, aliyekuwa amesimama kwenye tairi na karatasi yangu mkononi, akasema, "Mama, mawe hayamo kwenye orodha."

"Haya si mawe, mwenyekiti. Haya ni mafiga."

"Karatasi inasema hapana. Tukimruhusu mmoja, watataka wote."

Bibi alimtazama, akaitazama karatasi. Hajui kusoma, lakini karatasi anaiheshimu kama anavyomheshimu polisi. Akaliacha gunia pale pale, akapanda. Mimi nilikuwa nyuma ya lori nimeshika kuku wawili. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Tulifika saa tisa alasiri, vumbi mpaka ndani ya masikio. Mbuga ilikuwa nyeusi, imepasuka mipasuko ya kuingiza mguu, na vigingi vyeupe vimenyooka mistari mitatu kama madaftari ya hesabu. Mwenyekiti aliruka chini na kitu cha kwanza alichofanya ni kusimika mti wenye bendera. Tulipiga makofi. Nilipiga na mimi, nikakumbuka redio, nikaona kweli tumefanana na wale.

Tofauti ni kwamba kwetu kulikuwa na mtu anayetutazama. Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa amesimama mbali kidogo na binti yake, vibuyu mkononi, tena si kwa hasira. Alitazama kama unavyomtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha baba yako bila kujua. Bibi, ambaye kwenye mnada alizoea kubadilishana mahindi kwa samli, ndiye aliyemsalimu.

"Takwenya!"

"Iko," yule mama akaitikia, akasogea. Akanyoosha kidole juu. "Ile kitambaa ni ya nini?"

Mwenyekiti akajibu kwa sauti ya mkutano. "Ni bendera, mama. Ya taifa."

"Ya nani?"

"Yetu sote. Yenu na yetu."

"Kama ni yetu, kwa nini mmeisimamisha kwenye njia ya ng'ombe?"

Tukatazama chini. Kweli, udongo pale ulikuwa umekanyagwa, na nyayo za kwato zimekauka, zinaelekea bondeni kwenye maji. Mstari wa pili wa vigingi ulikuwa umepita juu ya njia kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Wapimaji walisema hapa hapana watu," mwenyekiti akasema.

"Walikuja mwezi gani?"

"Wa tatu."

"Mwezi wa tatu tuko juu. Sasa tumeshuka." Akaketi kwenye gunia letu la mahindi, bila kuombwa, kama mtu mwenye nafasi.

Baba alitoa ramani, akaigeuza, akaigeuza tena. Wakati huo wanawake walikuwa wameanza kutafuta pa kuinjika sufuria, kwa kuwa watoto walikuwa hawajala tangu alfajiri. Wa kwanza akaenda hatua ishirini, akarudi mikono mitupu. Wa pili akaenda mbali zaidi. Baada ya muda nikawaona wote wametawanyika mbugani, wameinama, wanatembea polepole kama watu waliodondosha pete.

Hakukuwa na jiwe. Hata la kumtupia mbwa.

Mama mmoja alijaribu kuinjika sufuria juu ya magogo matatu mabichi. Yakabingirika, maji yakamwagika yote, maji tuliyotoka nayo kwa madebe kilimani. Hapo maneno yakaanza.

"Nani kasema mawe yaachwe?"

"Mwenyekiti!"

"Mimi nimesoma tu. Karatasi ni ya katibu."

Wote wakamgeukia baba. Baba aliutambua mwandiko wangu, alijua vizuri kabisa. Alikunja ile karatasi mara mbili, akasema, "Ni yangu. Lawama ni yangu." Nilikuwa sijawahi kumwona baba akisema uongo. Aliusema vibaya, sikio limemwiva kwa aibu.

"Serikali ya siku hizi," bibi akasema. Hakupandisha sauti. "Nimeachishwa mafiga ya mama mkwe wangu na karatasi. Basi, nimechungulia, nimeona. Kesho lori likileta safari ya pili, likirudi narudi nalo." Halafu akanitazama mimi, kwa huruma. "Na mke mwenzangu ajiandae."

Kwa hiyo shule ilikuwa imekwisha. Niliona hivyo waziwazi. Na niliona pia kwamba nikisema ukweli itakwisha mara mbili, maana bibi atasema kama hiyo ndiyo elimu ya Korogwe, afadhali nikae nyumbani nijifunze kupika. Ukimya ulikuwa haunisaidii na kusema kulikuwa hakunisaidii. Labda ndiyo maana nilisema. Sijui. Najua tu kwamba baba alikuwa amesimama katikati ya wanawake kumi na wawili wenye njaa, na sikio lake bado limeiva.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikatoa kanga mdomoni.

"Bibi, ni mimi niliyeandika hapana. Baba hakuandika. Nilifikiri mawe yako kila mahali. Nilikuwa napunguza uzito kama… kama wale wa mwezini."

Kuku walikuwa wanahangaika na kamba zao. Mama aliyemwaga maji alinitazama kama vile nimemwagia yeye. Bibi akanisogelea. Nilidhani atanizaba kofi, na nilikuwa tayari.

"Wewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Si serikali?"

"Si serikali."

"Ndiyo maana redio inasema wale watu wamebeba mawe kwenda nayo kwao," akasema polepole. "Kumbe wanajua kazi." Halafu akaanza kucheka. Alianza puani, akashika kiuno, akakaa karibu na yule mama wa Kimaasai kwenye gunia. "Jamani! Nimekasirika njia nzima, nakunja ngumi, nagombana na serikali kichwani mwangu, mtu ambaye hata sijui anakaa wapi. Kumbe ni mke mwenzangu! Huyu si namwosha uso kila siku?"

"Bibi, nisamehe."

"Sikusamehi. Serikali ningeiachia nchi yake nikaondoka. Wewe nakudai. Utanipikia asubuhi na jioni mpaka siku ya kufungua shule, tena bila mafiga, tuone huo mwezi wako."

Wanawake walicheka kwa kulazimika kwanza, kisha kweli. Nikasikia "siku ya kufungua shule". Nikaogopa kumwuliza arudie.

Yule mama wa Kimaasai hakuwa ameelewa habari ya mwezi, lakini ya mawe alielewa. "Hapa mawe hakuna," akasema. "Sisi tunakata kichuguu. Kile cha kale, kimeachwa na mchwa. Kinakaa motoni." Akaonyesha kwa mdomo upande wa miti. Bibi akasimama papo hapo, akataka jembe. Yule mama hakusimama. "Na njia ya ng'ombe?" akauliza.

Bibi akamgeukia mwanawe. "Katibu! Huyu anatupa jiko. Wewe unampa nini?"

Mwenyekiti akaanza kusema ramani imepigwa muhuri. Baba alivuta pumzi. Akakitazama kile kigingi kilichokuwa karibu na mguu wake, akaking'oa. Alihesabu hatua thelathini upande wa mashariki, akakipigilia huko. "Wapimaji nitawaeleza mwenyewe," akasema. "Mstari wa pili utapinda kidogo." Wanaume wengine wakafuata kung'oa. Bendera nayo ilihamishwa, na mwenyekiti ndiye aliyeibeba, uso umemkunjamana, lakini aliibeba.

Mimi na bibi na yule mama tulikata kichuguu mpaka jua likawa jekundu. Vipande vilikuwa vigumu kama matofali, na vilikuwa vyepesi, nikiri, kuliko mawe. Nilipika ugali na kunde. Moshi ulinikaa machoni, sufuria iliegemea upande mmoja, na ugali ukawa na madonge. Bibi alikula wote. Alipomaliza kunawa akamwita baba.

"Kesho dereva akija, mwambie siku yoyote akipita tena huku aniletee mafiga yangu. Yako pale pale mlangoni, ndani ya gunia."

"Na wewe mama, hutaki kupanda?"

"Nipande niende wapi? Nani atamwangalia huyu asituunguzie kijiji? Wiki ijayo akienda shule nitapumzika."

Baba hakunitazama. Alifungua redio, ambayo ilisema wale watatu wamefika kwao salama, wameshuka baharini wazima. Nilikuwa nimechoka mno, sikuandika.

Kesho yake asubuhi niliamka kabla ya wengine, nikashuka bondeni kwenye maji kabla ng'ombe hawajaletwa, nikafua sare yangu ya shule, blauzi na sketi, nikaianika juu ya mti wa miiba mahali ambapo jua lingeifikia mapema.